Mzani wa Samaki Kwenye Banda la Tinti

Ukitaka kujua kama banda la tinti, ile karatasi ya giza ya vioo vya gari, linaingiza faida, usiulize limebandika magari mangapi wiki hii. Uliza kila gari limekula mita ngapi. Vijana wengi wanaotaka kuanza kazi hii wananiuliza bei ya roli la karatasi hiyo tu, wakishaijua wanaona hesabu imekwisha. Roli tunalotumia lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30, na faida yote imo ndani ya hizo mita 30.

Sisi tuko Nyakato, Mwanza, barabara ya kwenda Musoma. Anayebandika ni shemeji yangu, pamoja na dogo mmoja anayejifunza kwake. Mimi nanunua mzigo, nautunza na kupanga bei. Kabla ya hapo nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikipima dagaa na sato, na mzani wangu nilikuja nao huku.

Nilikuwa nikimuuliza shemeji roli lina hali gani, ananijibu, "Limebaki kidogo, shemeji." Kidogo ni gari moja au matatu? Mzigo wetu unatoka Kariakoo, unapakiwa kwenye basi, na ukikosa basi la leo unangoja la kesho. Mteja hawezi kulala bandani kungoja basi. Na huwezi kulitandua roli kila jioni ulipime kwa futi, maana vumbi la Nyakato litaingia, na karatasi ya tinti ikishavunjika mkunjo, ile alama haitoki tena.

Ndipo nikautundika mzani. Roli jipya nalitoa kwenye boksi, nalipima. Likiisha, napima lile bomba gumu la katikati peke yake. Kwa aina tunayotumia sana, roli jipya lina kilo 5.6 na bomba gramu 800, kwa hiyo tinti yenyewe ni kilo 4.8. Gawa kwa 30, kila mita ina gramu 160. Jioni nikikuta roli lina kilo 2.4, natoa bomba, inabaki kilo 1.6, yaani mita 10. Hapo najua kesho tunaweza kupokea magari mawili madogo bila wasiwasi, na la tatu nisiliahidi. Usichukue namba zangu ukazitumia kwako. Tinti nene ni nzito zaidi na mabomba hayalingani, kwa hiyo pima za kwako, kila aina kivyake.

Mzani huohuo ulinionyesha jambo jingine. Lilikuja roli la aina ileile, boksi limeandikwa mita 30, lakini kwenye mzani limepungua nusu kilo. Nusu kilo ni mita 3 na kidogo, karibu gari zima. Nilimpigia muuzaji, nikamtumia picha ya roli likiwa kwenye mzani pamoja na picha ya lile lililotangulia. Alinipunguzia bei kwenye mzigo uliofuata. Nisingekuwa na kipimo ningemwambia nini?

Sasa gharama. Tuseme roli limekugharimu shilingi 240,000 na usafiri 15,000. Mita moja imesimama kwa 8,500. Gari dogo la saluni, tinti ikikatwa vizuri, linakula mita 3.5, karibu 30,000. Ikikatwa ovyo linakula 4.2. Tofauti inaonekana ndogo, lakini roli lililokatwa vizuri linatoa magari nane na chenji, la ovyo linatoa saba. Hilo gari moja ndilo umeme na nyembe za mwezi.

Kukata vizuri kuna kanuni yake. Karatasi hii ikipigwa joto inasinyaa zaidi kwa upande wa urefu wa roli. Kioo cha nyuma kimebinuka, kwa hiyo upana wa roli lazima ulale sambamba na upana wa kioo, ili mikunjo ikae juu na chini, ipigwe joto ilale. Ukikigeuza kipande ili kuokoa karatasi, mikunjo inagoma na kipande kizima unatupa. Usibanie hapo. Vioo vya milango vimenyooka, hivyo unaweza kuvipanga utakavyo, na vingi vinakaa vitatu kwa upana wa roli. Mabaki yenye ukubwa wa maana yanaingia kwenye boksi, kila kimoja kina utepe ulioandikwa kiwango cha weusi, vipimo na kimetoka roli gani. Vile vioo vidogo vya pembeni na mkanda wa juu wa kioo cha mbele vinatoka humo. Roli tunaliandika kwa sababu mzigo wa Januari na wa Juni, hata kama ni asilimia 20 yote, yaani inayopitisha asilimia 20 tu ya mwanga, rangi inaweza kupishana kidogo, na mteja ataiona akisimama juani.

Hasara nyingine ni ya huku kwetu ziwani. Wadudu wadogo wa ziwa wanapotoka kwa makundi, taa ikiwaka tu jioni wamejaa. Mmoja akinaswa chini ya tinti anabaki kama nukta nyeusi yenye kiputo pembeni, na hakuna namna ya kumtoa bila kubandua. Kwenye kioo cha nyuma hiyo ni sentimita 90 imekwenda. Kwa hiyo kioo cha nyuma tunamaliza kabla jua halijazama, hata mteja akisisitiza. Na gari likitoka, tunabandika utepe kwenye swichi za vioo. Gundi haijakauka, mtu akashusha kioo kesho yake, karatasi inavutwa na mpira wa mlango, na atarudi kwako akitaka kipande kingine bure.

Kuhusu akiba, asilimia 5 na 20 hazikosekani dukani, maana huku watu wanapenda nyeusi. Ya 35 nina roli moja. Zile za bei rahisi kabisa, zinazogeuka zambarau baada ya kukaa juani, nimeacha kununua. Kubandua zambarau ya mtu kunamaliza nyembe na nusu siku ya fundi, na jina linaloharibika ni la kwako.

Tinti za seramiki nilikuwa siwezi kuweka, zingefunga mtaji wote. Lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, magari ya Sengerema na Geita yanafika kirahisi, na wenye Land Cruiser wanataka kinachozuia joto bila kuweka giza. Nimekubaliana nao hivi: mteja analipa nusu, nampa tarehe, na roli naagiza wakifika wawili. Wa kwanza ameshalipa. Namngoja wa pili, na nafasi ya roli rafuni nimeshaitenga, upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri.