Kitulo Wakati wa Mvua: Kuhesabu Pembe za Okidi

Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua kusini mwa Tanzania, huchanua wakati ule ule barabara zake zinapoharibika. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na kuanzia Desemba hadi Aprili nyanda zile zilizoinuka mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari hujaa maua. Ukienda Juni hadi Agosti hutakwama popote, ila utakuta nyasi zilizokauka na baridi inayogandisha umande. Anayefuata maua, basi, ajue anafuata na matope.

Njia niliyopita ni ya Chimala, kwenye barabara kuu itokayo Mbeya. Hapo unaacha lami na kuanza kupanda mlima kwenda Matamba kwa barabara inayoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya idadi ya kona zake. Nauli ya gari la kukodi hutegemea wingu. Dereva akiangalia juu akaona mlima umejifunika, bei inaruka hapo hapo, na huna pa kulalamika kwa sababu mwenzake aliyesimama pembeni naye anaangalia wingu hilo hilo. Kubalianeni kabla ya kupakia mizigo, na mtaje wazi kama bei ni ya kufika Matamba au ya kupanda hadi hifadhini. Hizo ni safari mbili, na gari lisilovuta magurudumu yote manne halifai kwa ile ya pili.

Katikati ya mlima tulikuta Fuso limekwama kwenye kona, limeinama upande mmoja, limebeba viazi vya lumbesa, magunia yaliyoshonewa vilemba hadi yanakaribia kimo cha mtu. Gurudumu la nyuma la ndani lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli. Udongo wa pale ni mwekundu na laini. Ukikanyaga mafuta tairi huusugua ukawa kama sabuni, na kila jaribio huchimba shimo refu zaidi. Utingo alijua kazi yake. Kwanza walishusha magunia ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyokuwa yanakandamiza ekseli. Kisha wakachimba mbele ya tairi, si nyuma, wakatengeneza mteremko mdogo wa kutokea. Mawe yalipangwa yale makubwa chini na madogo juu, na juu yake matawi, majani yakielekea gari linakokwenda ili yasivutwe na kutupwa nyuma. "Bosi, shuka na wewe, kila mkono una jiwe lake," akaniambia, na nikabeba. Dereva alitoka kwa gia ya kwanza bila kuongeza mafuta hata kidogo. Kazi yote ilichukua mchana kutwa, kwa sababu magunia yale, ambayo sheria ya vipimo inayakataza, hayabebwi na watu wawili. Mkulima anapunjwa na lumbesa shambani, na msafiri naye anailipia barabarani.

Matamba kuna baridi. Nyumba za wageni zipo, za kawaida, ila ndoo ya maji ya moto hulipiwa peke yake, na blanketi la pili utaliomba. Viingilio vya hifadhi havipokelewi kwa fedha taslimu, unalipia kwa namba ya malipo au kadi. Mtandao ukikatika huko juu utakaa getini na pesa zako mfukoni, kwa hiyo maliza malipo ukiwa bado mjini.

Wenyeji wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo okidi za ardhini zaidi ya 40. Ukiwa garini utaona tu zile ndefu: Kniphofia za rangi ya moto, makundi ya jeranio, pengine lobelia kwenye bonde lenye maji. Okidi ziko chini, kati ya nyasi, nyingi hazifiki gotini. Lazima utembee, na upige magoti.

Ukiipata, hesabu pembe, yaani vile vijimkia vyembamba vilivyo nyuma ya ua ambamo nekta hukaa. Satyrium ina pembe mbili, zinazoning'inia sambamba kutoka kwenye petali ya juu iliyojikunja kama kofia. Disa ina moja tu, inayotoka mgongoni mwa kofia yenyewe. Habenaria nayo ina moja, lakini inatoka chini, kwenye mdomo wa ua, na mara nyingi ni ndefu kuliko ua lenyewe. Usiliinue kwa vidole, tumia unyasi. Piga picha nne: mbele, ubavuni pembe zikionekana, majani ya chini, na mmea mzima pamoja na nyasi zake. Picha ya mbele peke yake huwa haitoshi kutambua aina. Kamera usiifiche ndani ya koti kila ukungu unapopita, maana unyevu wa mwili hutua kwenye lenzi ya baridi, ukabaki unafuta badala ya kupiga.

Sehemu moja sikukuta maua, nilikuta vishimo vilivyochimbwa kwa jembe dogo. Ni wachimba chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi. Viazi hivyo husagwa vikachanganywa na unga wa karanga, na soko lake kubwa liko Zambia, ng'ambo ya Tunduma. Kando ya kishimo kimoja kulikuwa na kiazi kilichotupwa, kimenywea, kina mikunjo. Okidi hizi huwa na viwili: cha zamani kilicholisha ua la mwaka huu, na kipya kigumu ambacho kingetoa ua la mwakani. Mchimbaji anataka kile kigumu. Kilichobaki pale hakioti tena. Wala huwezi kuzipanda kama viazi mviringo, kwa sababu mbegu zake ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula, na hazioti bila kuvu wa udongoni wa kuzilisha.

Pale kwenye vishimo nilifikiria kwetu Tanga. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya, Saintpaulia, lilichukuliwa huko mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, aliyepeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Leo makwetu tunapanda bogenvilia ya Brazili mbele ya nyumba, na ua letu, likipatikana dukani, tunauziwa kama la kigeni.

Kushuka Chimala niliambiwa bei ni ile ile ya kupanda. Nilibisha kwamba mteremko hauli mafuta. Dereva akajibu unakula breki, na pedi za breki ni ghali kuliko dizeli. Tulipofika kona ya kumi hivi, harufu ya breki ikawa imejaa garini, nikaacha kubishana.