Nilivyochagua njia ya kuzibua mabomba ya majitaka nyumbani

Sinki la jikoni katika nyumba tunayopanga mtaani Umoja, Nairobi, lilipoanza kukataa kupitisha maji, kila aliyesikia alikuja na dawa yake. Jirani wa mlango wa pili alinishauri nitumie siki na soda ya kuokea, msimamizi wa ploti akasema maji yanayochemka yangetosha, na fundi aliyekuwa akirekebisha choo cha ghorofa ya juu alitaka kumwaga kostiki soda, dawa kali ya kuzibulia mabomba, papo hapo. Sikatai kwamba njia hizo zina mahali pake. Lakini kwangu kuna maswali mawili ambayo lazima yajibiwe kabla ya kununua chochote hadwea: uchafu umeziba wapi, na uchafu wenyewe ni wa nini.

Swali la mahali halihitaji chombo chochote. Nilifungua maji ya beseni la kunawia mikono, nikavuta choo, kisha nikamwaga ndoo ya maji katika tundu la sakafuni bafuni, na kote maji yakaenda bila kusita. Tundu moja likigoma peke yake, kizuizi kimo katika bomba lake, mara nyingi karibu kabisa na tundu lenyewe. Matundu mawili au matatu yakigoma kwa pamoja, au maji ya sinki yakitoka huku tundu la bafuni likibubujika, basi kizuizi kiko mbele zaidi, katika bomba linalokusanya maji ya nyumba nzima. Sisi tunaoishi chini ya ghorofa tunapaswa kulijua hili kuliko wengine, kwa sababu maji ya wanaoishi juu yetu yakikosa njia huibukia kwenye tundu lililo chini kuliko yote, nalo huwa ni letu.

Kuhusu uchafu wenyewe, jikoni adui ni mafuta. Mafuta ya kukaangia huingia bombani yakiwa maji, yakapoa na kuganda ukutani mwa bomba, kisha hunasa majani ya chai, punje za wali na makoko ya ugali, hadi njia inabaki nyembamba. Mgao wa maji huongeza tatizo, maana siku za ukame wa bomba tunaosha vyombo kwa maji machache yaliyojaa mafuta, na hayafuatwi na maji mengine ya kuyasukuma. Bafuni ni nywele na sabuni, ambazo husokotana karibu na mdomo wa tundu na huweza kuvutwa kwa waya uliopindwa ncha. Chooni ni vitu ambavyo havikupaswa kuingia humo kabisa.

Fundi aliniambia, "Mama, nikimwaga dawa hii itafungua sasa hivi, hata hutasumbuka kufungua mabomba." Nilimjibu, "Fundi, maji yamesimama. Tufungue kwanza tuone." Sababu yangu ilikuwa hii: kostiki soda huyeyusha nywele na mafuta inapoyafikia, lakini maji yakiwa yamesimama kabisa, dawa hubaki juu ya kizuizi bila kupenya, na anayekuja baadaye kufungua bomba hulikuta limejaa maji yanayounguza ngozi na kupofusha macho. Zaidi ya hayo, kostiki soda ikikutana na mafuta mengi hutengeneza sabuni, ambayo huweza kuganda ikawa ngumu kuliko mafuta yenyewe. Kwa bomba ambalo bado linapitisha maji polepole ninaweza kuikubali, kwa glavu na madirisha wazi, ikitiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo. Kumwagia maji juu ya kostiki soda kavu huifanya ichemke na kuruka. Wala isichanganywe kamwe na dawa nyingine. Hatari nyingine ambayo wengi hawaijui ni kumwaga jiki (dawa ya kung'arishia nguo nyeupe) mahali palipomwagwa dawa ya choo yenye asidi: hutoka gesi ya klorini, ambayo huumiza mapafu hata katika chumba chenye dirisha.

Kwa hiyo tulifungua kile kikombe cha plastiki kilicho chini ya sinki. Kazi yake ni kubakiza maji kidogo ili harufu ya majitaka isirudi ndani, na kwa kuwa kina kina kuliko bomba, uchafu mzito hutulia humo. Tuliweka ndoo chini, fundi akakizungusha kwa mkono bila spana, na maji meusi yakashuka kwa mkupuo. Ndani kulikuwa na tabaka la mafuta meupe yenye rangi ya kijivu pembeni, limeshika majani ya chai na nyuzi za stili wuli, na katikati mlikuwa na kitundu kisichopita kidole. Nilikikwangua kwa kijiko cha zamani, nikakisugua kwa sabuni na maji ya moto katika beseni (si katika sinki jingine, maana ungehamishia tatizo huko), kisha nikaisafisha raba ya kuzuia kuvuja kabla ya kurudisha. Raba ikikaa upande, hata ukikaza vipi maji yatavuja.

Maji yalishuka, ila yalikuwa mazito kuondoka. Hiyo ilituonyesha kwamba mafuta mengine yalikuwa yameganda katika bomba la mlalo linaloingia ukutani. Hapo ndipo pampu ya mpira ilipofaa, na wengi huitumia vibaya. Tundu dogo la juu la sinki, lile la kuzuia maji yasifurike, lazima lizibwe kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo nguvu yote hutokea huko. Maji yafunike mdomo wa mpira. Na mvuto wa kurudi juu una kazi sawa na msukumo wa kwenda chini, kwa kuwa huutikisa uchafu pande zote mbili. Baadaye fundi alipitisha waya wa springi kutoka kwenye kishimo cha nje ambako maji ya jikoni humwagikia, akiuzungusha kila alipousukuma. Alinifundisha kusikiliza kwa mkono: kona ya bomba hugonga kwa ukavu, mafuta huzuia kwa ulaini na kuachia kidogo kidogo. Mwisho tulimwaga maji ya moto yenye sabuni ya vyombo. Hayakuwa yanachemka, kwa sababu mabomba ya plastiki hulainika kwa joto kali na viungio vyake huweza kulegea.

Siki na soda ya kuokea sikuzitumia. Povu lake ni hewa ya kaboni inayopanda na kutoka kwa njia iliyo wazi, na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi yasiyoyeyusha mafuta yaliyoganda. Kwa harufu ndogo ya tundu la bafuni zinasaidia.

Msimu wa mvua uliofuata tatizo lilikuwa jingine kabisa: choo, bafu na sinki viligoma siku moja. Sikugusa pampu wala dawa. Nilimwomba msimamizi afunue mfuniko wa manholi (shimo la kukagulia bomba la majitaka) iliyo karibu na ukuta wetu, tukaikuta imejaa, na iliyofuata kuelekea getini ikiwa kavu. Kwa hiyo kizuizi kilikuwa kati ya manholi hizo mbili, ndani ya ua, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Kama zote zingejaa hadi barabarani, tungepiga simu Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi. Mafundi walisukuma fimbo za kuunganisha, wakizizungusha upande mmoja tu ili maungio yasifunguke ndani ya bomba, na hakuna aliyeingia shimoni. Nilisisitiza hilo, kwa sababu gesi ya majitaka hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi huua uwezo wa kunusa kabla ya kumwangusha mtu. Kilichotoka ni daipa zilizofura na vitambaa vya kufutia watoto vilivyosokotana, vitu ambavyo maji hayawezi kuvivunja jinsi yanavyovunja karatasi ya choo.

Wakati fimbo zilipokuwa ndani, fundi alituonyesha bomba la maji ya mvua kutoka paani lililounganishwa na manholi hiyo hiyo. Mvua kubwa inaponyesha, maji ya paa zima hujazana katika bomba lililotengenezewa vyoo na masinki, na kizuizi kidogo hugeuka mafuriko. Niliandika ujumbe kwa mwenye nyumba pamoja na picha, nikaeleza mahali bomba linapoungana na linapoweza kuelekezwa mtaroni, na kabla ya masika kuisha lilikuwa limetenganishwa.