Mngojane (1 Wakorintho 11:33)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, tafakari ya wiki hii nimeipata kwenye foleni ya chakula.

Nilikuwa Singapuri kikazi, wenyeji wangu wakanipeleka kula kwenye zile wanaziita hoka senta, yaani jengo la wazi lenye vibanda vingi vya chakula na meza katikati, zamani wachuuzi walikuwa wanauza barabarani serikali ikawahamishia humo wakapata maji ya bomba na mifereji, na mwaka 2020 UNESCO wakauingiza utamaduni huo kwenye orodha yao ya urithi. Mtu anaacha pakiti ya tishu mezani kushika nafasi na hakuna anayeigusa. Vibanda vingine vilikuwa vitupu kabisa, ila kimoja foleni imezunguka mpaka nyuma ya nguzo, na ndo hicho niliambiwa nisikikose.

Dakika ishirini, dakika arobaini, foleni haisogei. Njaa inauma na moyoni nikaanza kunung'unika kwelikweli, huyu mzee anashindwa nini kukaanga tambi za watu watano kwa mpigo tukaondoka?

Nilipokaribia ndo nikaona. Mzee yuko peke yake, taulo shingoni, karai moja juu ya moto mkali, anaweka mafuta, tambi pana za mchele, sosi nyeusi ya soya, anavunja yai, anageuza haraka haraka, mwisho kabisa anatupia kombe wa baharini sekunde chache tu wasikakamae, anapakua sahani moja. Moja tu. Afu anaanza upya. Maana karai likijaa moto unapoa, tambi zinachemka badala ya kukaangika na ile harufu ya moshi haipatikani tena. Kumbe kilichonichelewesha ni kwamba kila aliyenitangulia alikuwa anapikiwa kama vile yuko peke yake pale, na mimi zamu yangu ilikuwa inakuja hivyohivyo. Nikaona aibu mbele za Mungu.

Paulo anawaambia Wakorintho, "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Wale walikuwa wanakutana kwa ajili ya meza ya Bwana, lakini wengine wanatangulia kula chakula chao, wasio na kitu wanabaki hivyohivyo, ndo maana mstari wa 21 unasema huyu ana njaa na huyu amelewa. Mstari wa 22 anawauliza kama wanawatahayarisha wasio na kitu. Yaani kutokungojana mezani Paulo anakuhesabu ni kulidharau kanisa la Mungu, hilo neno zito jamani! Sisi tumezoea kuhubiriwa kumngoja Bwana, Isaya 40:31 wengi tunaijua kwa kichwa, ila kungojana sisi kwa sisi nadhani tumeruka, na kwangu mimi hiyo ndo ngumu zaidi maana Mungu namngoja nikijua ni Mungu, binadamu mwenzangu namngoja huku namhesabia dakika.

Sahani yangu ikatoka inafuka moshi. Mezani nilikuwa nimekaa na mama mmoja nisiyemjua, pale meza ni za wote, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na chake bado. Nikashika vijiti, nikaviweka chini. Hatukuwa na lugha ya kuongea, akanionyesha kwa mkono kula kula, nikatikisa kichwa. Chake kilipofika akacheka, tukaanza pamoja, na tambi zangu bado zilikuwa na moto.

Sasa Jumapili hii tuna chakula cha pamoja baada ya ibada. Wale mama zetu wa jikoni huwa wanakula mwisho, wamesimama, wakati sisi tushaanza kuaga. Naomba safari hii tukishapakuliwa tukae tu na sahani zetu mpaka nao wavue aproni waje wakae, ndo tuombee chakula.