Usiku wa Senene na Doriani

Waswahili wa zamani walikuwa na neno "kula bia", yaani kula kwa kuchangiana, kila mmoja akija na chake. Nilipowaandikia marafiki zangu wa Dar es Salaam mwezi Desemba kwamba nawaalika tule bia nyumbani kwangu, nusu yao walijibu wakiuliza ni bia ya kampuni gani. Ikabidi nifafanue kuwa namwomba kila mgeni aje na sufuria moja ya chakula ambacho kwao ni cha kawaida kabisa, lakini ambacho hathubutu kukibeba kwenda nacho kazini kwa kuogopa macho ya watu. Pilau na chapati nilizikataa waziwazi, ingawa alikuwapo mmoja aliyekuja na kreti ya soda, kama ambavyo hukosi mmoja wa namna hiyo katika kila shughuli.

Kabla ya kufikiria ladha nililazimika kufikiria dini na afya za watu. Shemeji yangu wa Machame alikuwa ameahidi kisusio, ile supu ya mbuzi ya Wachaga inayopikwa kwa damu ya mnyama mwenyewe, na kwa kuwa sisi Waislamu damu kwetu ni haramu, niliandaa meza mbili zenye bakuli na pawa zake mbalimbali, nikamwomba shemeji akae kwenye meza yake mwenyewe kama mlinzi. Hakukasirika; alisema hata kwao wapo vijana wa mjini wanaoikimbia. Mgeni mwingine huvimba midomo kila anapokula kamba, nami nilimwomba asiwaguse senene hata kwa kuonja, kwa sababu mtu mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika vilevile kwa wadudu hawa.

Senene ndio waliokuwa mabwana harusi wa usiku ule. Mwenzangu wa Bukoba aliwapokea kwa basi kutoka nyumbani kwao, wakiwa wamekwisha kunyonyolewa mbawa na miguu, akaja kuwakaanga jikoni kwangu bila tone la mafuta, kwa maana wadudu hao wana mafuta yao ya kutosha, na chumvi na kitunguu tu ndivyo alivyoongeza. Huku akigeuza kikaango alitueleza jinsi watu wa Kagera wanavyosimamisha mabati usiku na kuwasha taa kali, senene wakavutwa na mwanga, wakajigonga kwenye bati na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Alitueleza pia kwamba zamani katika Buhaya wanawake ndio waliokuwa wakiwaokota na kuwaandaa, ilhali mwiko uliwazuia wasiwale, wakabaki kuwapakulia waume zao. Hayo aliyasema akiwa anatafuna konzi ya tatu, kwa furaha ya mtu anayedai deni la bibi yake. Shangazi yangu, aliyekuwa amenuna pembeni, alikubali kuonja baada ya kukumbushwa kwamba nzige ni halali, naye akatamka kuwa ni kama dagaa waliokaangwa vizuri. Sikubaliani naye: senene wana utamu wa njugu, na dagaa hawana.

Jirani yangu Mkalenjini kutoka Kenya alileta mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu ambacho kwanza husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, hata maziwa yakatoka na rangi ya majivu. Wengi wetu tulikuwa tumeyaona kwenye televisheni tu, yakinyweshwa wanariadha wanaporudi na medali, na rangi ile iliwatisha watu kuliko miguu ya mdudu yeyote. Mlenda wa Dodoma haukumshangaza mtu. Ming'oko ya Mtwara, mizizi ya porini inayochimbwa na kuchemshwa, iliisha kwanza, na aliyeileta alilalamika kwamba amedhulumiwa, maana alikuja kututisha.

Baada ya hapo nikaleta changu. Mimi ni mtoto wa Unguja, na nilikuwa nimevushiwa doriani zima kwa boti, limezungushiwa magazeti na khanga kuukuu, nikiliweka akilini kama kitulizo cha wale watakaoshindwa na vyakula vya wenzao. Nilijua kwamba Singapore, ambako tunda hili linapendwa mno, wamelipiga marufuku ndani ya treni za mjini, lakini nilidhani hao ni watu wa kujidekeza. Nilipopasua ganda lile la miiba na kuifunua nyama yake, laini kama samli iliyoanza kuganda, aliyekuwa karibu na dirisha alilifungua, na mlinzi wa getini akaja mbio kuniambia, "Dada, nadhani mtungi wa gesi unavuja." Watu waliokunywa damu na kutafuna panzi walitoka barazani mmoja mmoja wakiwa wamebeba viti vyao. Tulibaki mezani mimi na shangazi, tukala hadi tukazilamba kokwa.

Walipokuwa wakiaga, nilimwomba mwenzangu wa Bukoba aniachie senene waliobaki. Alisita kidogo, akaniuliza iwapo doriani langu nalo litalala kwenye friji, kisha akaufunga mfuko wake na kuutia kwenye mkoba, akisema asingependa waharibike.