Bahasha ya Sirimon

Leo asubuhi nilipanda juu ya paa kuanika nguo, nikauona. Sisi tunaoishi huku upande wa Thika Road tunazijua asubuhi za namna hii: mvua imepita usiku, vumbi limelala, na kabla matatu hazijaanza kufukiza moshi, Mlima Kenya unajitokeza huko kaskazini na ncha zake nyeupe, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa. Ikifika saa mbili umeshajifunika. Mama wa nyumba ya pili alinikuta nimesimama na shuka mkononi, maji yananichuruzikia miguuni, akaniuliza, "Kwani umeona nini huko?" Nikamwambia naangalia kama kutanyesha.

Uongo. Nilikuwa nahesabu noti. Noti nne za elfu moja, ambazo Desemba iliyopita nilizitoa kwenye bahasha pale Sirimon, lango mojawapo la kupandia mlima huo, nikazirudisha mkobani.

Zimenirudia kwa sababu ya habari za Tibet. Mwanzoni mwa mwezi huu wa Oktoba 2025, upande wa mashariki wa Everest, theluji iliwashukia mamia ya watu waliokwenda kutembea milimani wakati wa likizo yao ya taifa. Mahema yao yalikuwa juu ya mita 4,900, na ikabidi wanakijiji na waokoaji wafukue njia ndipo watu washuke. Nilitazama zile video usiku kwenye simu, watu wako katika mstari mmoja, kila mtu anakanyaga alipokanyaga mwenzake, nikaisikia tena ile sauti: "Namba tano! Namba tano ameitika?"

Basi niandike.

Tulikuwa saba. Tulianza kama watu wa kutembea Karura Jumamosi, tukaenda Ngong, tukaenda Longonot, tukapanda Elephant Hill kule Aberdare na kurudi na matope hadi masikioni, tukajiona tumeiva. Mtu akasema Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya. Tukaanza kuchanga kila mwezi kwa M-Pesa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu kazini, nikafanywa mhazini. Mhazini wa safari kama hii kazi yake ni kugombana. Huyu amechelewesha mchango, yule anataka kujua mpishi analipwa ya nini, mwingine anauliza kwani lazima kiongozi, "si njia ipo?" Majaketi tulichagua Gikomba, alfajiri, marobota yakifunguliwa. Langu lilikuwa na kikaratasi kimefungwa kwenye zipu, tiketi ya mahali fulani Austria pa kuteleza kwenye theluji. Sikukitoa. Nilikiona kama baraka, kwamba jaketi hili angalau limeshawahi kuiona theluji, hata kama mimi sijaiona.

Tarehe tulichagua Jamhuri. Hilo lilikuwa wazo la mwalimu wetu wa historia, aliyetaka tupeperushe bendera kwenye mlima ambako mpanda milima Kisoi Munyao aliipandisha Desemba 1963, nchi ilipopata uhuru. Bendera yenyewe tulinunua kwa mchuuzi pale kwenye mataa. Kiongozi wetu alituambia kwenye simu kwamba mvua za vuli huenda zisiwe zimeisha, kwamba tungesubiri Januari au Februari kukauke. Lakini likizo zilikuwa zimeshaombwa kazini, na bendera ilikuwa imeshanunuliwa.

Huyo kiongozi alikuwa mtu wa Nanyuki, wa makamo, mpenda hadithi za chakula. Njia nzima alikuwa akitueleza vile mkewe anavyopika mukimo. Lakini tulipofika kambi ya Old Moses, mita 3,300, alibadilika akawa kama matroni wa shule ya bweni. Alimwaga mikoba yetu yote kitandani, akachomoa suruali ya jinzi. "Hii ya nani? Hii ni pamba. Ikilowa, umevaa barafu." Akaziweka kando jinzi mbili na sweta tatu. Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, aliificha fulana yake nzito ya pamba yenye kofia chini ya godoro, na usiku wa kupanda akaivaa ndani ya jaketi. Tulijua. Tulicheka.

Mlima ule una ratiba yake. Asubuhi uko wazi, mchana mawingu yanapanda kutoka mabondeni, alasiri yanamwaga yaliyo nayo, usiku mbingu inafunguka tena. Ndiyo maana watu huondoka kambi ya Shipton's, mita 4,200, usiku wa manane ili wafike Lenana jua linapochomoza na washuke kabla mawingu hayajaamka. Nasi tuliondoka saa nane na nusu za usiku, nyota zimejaa. Kiongozi mbele, msaidizi wake nyuma, na kila mmoja wetu akapewa namba. "Nikiita, mnajihesabu." Watu wazima, wenye watoto wao nyumbani, moja, mbili, tatu kama chekechea. Mimi nilikuwa namba nne. Binamu alikuwa tano.

Sijui nieleze vipi ilivyoanza. Nyota za upande wa mashariki zilizimwa, si kwa haraka, kama mtu anayepita nyumbani akizima taa chumba baada ya chumba. Kisha upepo. Nilidhani theluji huanguka kwa ulaini kama kwenye kadi za Krismasi. Hii ilikuja ya kulala, sambamba na ardhi, punje ndogo ngumu kama chumvi ya mawe, ikaingia shingoni, ikaingia kwenye mikono ya jaketi. Kurunzi za kichwani zikawa hazina maana. Mwanga uligonga ule weupe ukaturudia usoni. Kiongozi akatuambia tuzivue tuzishike mkononi, chini kabisa karibu na magoti, na kweli tukaanza kuyaona mawe. Kwenye changarawe ile, ukipiga hatua mbili unateleza moja, na sasa changarawe yenyewe ilikuwa imefunikwa. Nikageuka kutazama nyayo zangu. Hazikuwapo.

Karibu na kile kiziwa wanachokiita Harris Tarn akaita hesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kimya. Halafu binamu akasema, "Sita."

Namba sita akacheka. Kiongozi hakucheka. Alirudi hadi kwake, akammulika mikononi, akamwambia agusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho. Hakuweza. Vidole vilikuwa vinapapasa hewa kama vya mtoto mchanga. Akamwambia afunge zipu, akaishika zipu akaiangalia tu. Nilitaka kusema, "Lakini mbona hatetemeki?" maana sisi wote tulikuwa tunatetemeka meno yakigongana. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba hilo ndilo lililomtisha yule mzee. Anayetetemeka, mwili wake bado unapigana na baridi. Akiacha kutetemeka kabla hajapashwa moto, mwili umeanza kusalimu amri, na akili nayo inafuata: ulimi mzito, hasira za bure, miguu inayojikwaa. Na juu kule, ambako pumzi moja inakupa kama nusu ya oksijeni ya Mombasa, kuni za huo moto wa mwilini ni chache tangu mwanzo.

Walimvua ile fulana iliyolowa palepale, wakamvika sweta la msaidizi, wakamfunika karatasi ya kung'aa iliyokuwa ikipiga kelele kwa upepo kama mabati yaliyolegea. Chai ya moto yenye sukari nyingi mno. Kisha kiongozi akasema, "Tunarudi."

Hapa ndipo pananiuma kuandika. Lenana ni mita 4,985. Tulikuwa tumebakiza mita mia mbili na ushee. Mmoja akasema saa moja tu imebaki. Mwingine akasema msaidizi amshushe binamu, sisi tuendelee. Mimi, mhazini, nikasema, "Lakini tumelipa."

Kiongozi akaniangalia. Theluji ilikuwa imemganda kwenye nyusi. "Madam, nyayo zetu zimefutika. Nikiendelea nitakuwa nabahatisha. Mlinilipa niwaongoze, kubahatisha hamkunilipia."

Kushuka kulituchukua zaidi ya saa tatu. Alimtuma msaidizi atangulie kutafuta rundo la mawe linalofuata, lakini asiende mbali kuliko mwanga wetu unavyofika. Akilipata anapiga filimbi, tunamfuata, tunajihesabu, anatangulia tena. Filimbi, hesabu, filimbi, hesabu. Binamu alishuka katikati ya watu wawili, akiimba. Sijui wimbo gani.

Saa nne asubuhi, tukiwa tumekaa Shipton's na uji mkononi, mawingu yalipasuka. Batian na Nelion, zile ncha mbili ndefu kuliko zote, zikajitokeza, jua limezipiga, nyeupe hadi macho yanauma. Uzuri ule ulitukasirisha. "Mnaona? Tungengoja kidogo tu." Na aliyeongoza malalamiko alikuwa nani? Binamu. Hakukumbuka lolote, si fulana, si kidole gumba, si wimbo. Anasema hadi leo kwamba alikuwa sawa, alichoka kidogo tu.

Lango la Sirimon, kesho yake. Desturi ni kwamba bakshishi hutolewa hapo, mizigo ikishashushwa, watu wakipigana picha za mwisho. Ya kiongozi nilikuwa nimeihesabu Nairobi, elfu kumi kwenye bahasha. Wawili wakanivuta pembeni: mbona tutoe zote ilhali hatukufika? Sikubishana. Nilikuwa na usingizi, miguu imevimba, na ukweli ni kwamba moyoni niliona wana hoja. Nikachomoa nne. Alipokea kwa mikono miwili, hakufungua, akatuaga mmoja mmoja, akamwambia binamu aende hospitali aangaliwe vidole.

Niliporudi mjini nikaanza kusoma, nikitafuta nadhani mtu wa kuniambia tulionewa. Nikaangukia Mei 1996 pale Everest. Timu mbili za kulipia, moja ikiongozwa na Rob Hall wa New Zealand, nyingine na Scott Fischer wa Marekani. Kulikuwa na wateja waliolipa dola 65,000. Saa nane mchana ilikuwa imetajwa kuwa mwisho, uwe umefika au hujafika unageuka. Wengi walifika baada yake, na jioni dhoruba ikawakuta wangali juu. Watu wanane walikufa pande zote mbili za mlima, viongozi wote wawili wakiwa miongoni mwao. Lakini kilichoninyima usingizi ni mteja mmoja, mfanyakazi wa posta. Mwaka wa 1995 Hall alimgeuza karibu kabisa na kilele. Mwaka uliofuata akarudi naye, na safari hii hakumgeuza. Walikuwa kileleni kama saa kumi. Hawakurudi.

Mara ya kwanza Hall alisema hapana. Mara ya pili alikuwa na mtu mbele yake aliyerudi tena na macho yake. Na yule mzee wetu wa Nanyuki alijua kuhusu bahasha. Wote wanajua. Kila anapogeuza watu anageuza na mkate wake, na bado alisema tunarudi, mbele ya mhazini.

Kisha kuna jambo la mwaka jana. Mkenya mwenzetu Cheruiyot Kirui alipofariki Everest Mei 2024, akijaribu kupanda bila mtungi wa oksijeni, mtaa mzima ulimlilia. Sisi watu wa kutembea tulibadilisha picha zetu za wasifu. Alikuwa na kiongozi wa Nepal, Nawang Sherpa, aliyepotea pamoja naye. Niliandika maneno marefu ya rambirambi siku zile. Juzi nimeyasoma tena. Nawang sikumtaja popote, hata kwa neno "mwenzake".

Jioni hii nimeitafuta namba kwenye simu. Nilikuwa nimeihifadhi "Guide Mlima". Nikaandika elfu nne, nikasita, nikafuta, nikaandika elfu sita kisha nikarudi kwenye nne, maana sita ingekuwa ya kujisafisha na nne ni zake. Kabla sijathibitisha, M-Pesa ikaniletea jina la mwenye namba. Siku nne nilimwita Guide. Nilisoma lile jina mara mbili kwa sauti, peke yangu jikoni, ndipo nikabonyeza.

Jibu limekuja sasa hivi: "Imefika. Hii ni ya nini, madam? Yule kijana vidole vilipona?"