Masinga: megawati 40 tu lakini ndiyo inashikilia wengine

Kila mvua ikikolea huko Aberdare na Mlima Kenya watu huanza kuulizana kama Masinga, lile bwawa la stima la mto Tana, imejaa, alafu lazima mmoja atoke na ile yake ya ati hilo bwawa ni dogo, megawati 40 tu, Gitaru, bwawa lingine la Tana huko chini yake, ndiyo iko na 225. Hapo huwa siwezi kunyamaza.

Masinga haikujengwa sana sana kwa stima. Ilikamilika 1981 wakati Kindaruma (hiyo ndiyo mzee, 1968), Kamburu na Gitaru ziko kazi tayari huko chini, na shida ilikuwa kiangazi kikifika Tana inapungua na mashine zinakosa maji. Sasa ikawekwa juu ya zote kama tangi la nyumba, ziwa la kama kilomita 120 za mraba, ishike maji ya mvua iyaachilie polepole. Yakitoka Masinga yanazungusha Kamburu, Gitaru, Kindaruma, yanamalizia Kiambere, yaani maji yale yale yanatoa stima mara tano ndio yaende zake Garissa. Ndio maana 2009 ukame ulipobana mpaka mashine za Masinga zikazimwa, hatukukosa hizo 40 peke yake, tuliingia mgao wa stima.

Alafu ukuta wenyewe ni udongo ulioshindiliwa, si zege, na wengine wakisikia hivyo wanashtuka. Ukuta wa udongo ni mnene sana chini, unasimama kwa uzito wake, hauna shida. Kitu hauwezi kuvumilia ni maji kupita juu yake, yatauguguna mpaka uende wote. Kwa hivyo pembeni kuna njia ya kumwagia maji ya ziada, na ziwa likipita mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari yanaanza kumwagika. Hiyo ndiyo inaokoa ukuta, ingawa wa Garissa na Tana River hawawezi kuifurahia, 2024 mafuriko yaliwaonyesha cha mtema kuni na kuwaambia tu wahamie juu bila kuwaonyesha pa kwenda si msaada.

Mimi kinaninyima usingizi ni tope. Miteremko ya Murang'a ikilimwa bila matuta, udongo unabebwa na Maragua na Thika unakuja kulala chini ya Masinga, na kila mahali tope limekaa maji ya kiangazi hayawezi kukaa, na kulichimba kwa ziwa kubwa hivyo sioni nani atakubali kulipa.