Kalkulasi ya bure nimeipata, tena bila "kumaliza misingi yote"

Kila niliyemuuliza nianzie wapi kujifunza kalkulasi (calculus, hesabu ya vitu vinavyobadilika) kwa ajili ya fizikia alinijibu vilevile: maliza kwanza aljebra yote, trigonometria yote, kisha limiti (namba ambayo hesabu inaikaribia) na uthibitisho wake, ndipo uguse fizikia. Asanteni, wakubwa. Nilitii, nikazama kwenye epsiloni na delta, zile herufi za uthibitisho wa limiti, hadi hamu ikanitoka, na bado sikuweza kusema jiwe lililoangushwa lina kasi gani sekunde ya tatu.

Nikageuza kibao: swali la fizikia litangulie, kalkulasi ifuate. Nikaanza na jiwe hilohilo. Umbali wake kwa mita ni 4.9 mara muda kwa kipeo cha pili, kwa hiyo baada ya sekunde 3 limeshuka mita 44.1. Kikokotoo mkononi, nikatafuta kasi ya wastani kuanzia sekunde 3 hadi 3.1: mita 29.89 kwa sekunde. Hadi 3.01: 29.449. Hadi 3.001: 29.4049. Nilicheka peke yangu, maana namba zilikuwa zinainyemelea 29.4, na hiyo ni 9.8 mara 3. Derivativu, yaani kasi ya mabadiliko ya papo hapo, ndiyo hiyo, jamani! Limiti niliirudia baadaye, nayo haikunisumbua.

Kitabu kilichonifaa zaidi ni Calculus Made Easy cha Silvanus Thompson, cha mwaka 1910. Kipo Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, bure na kihalali, na mzee anaandika kama anayekutania. Ukitaka cha kisasa, OpenStax, wachapishaji wa vitabu vya bure, wana juzuu tatu za kalkulasi za PDF. Bando inakwenda kwenye kupakua tu, basi.

Video za 3Blue1Brown, chaneli ya hisabati ya YouTube, ni nzuri kwa kupata picha kichwani, lakini video hukufanya ujione umeelewa. Dawa yake ni mazoezi ya tovuti ya Paul's Online Math Notes, yenye majibu hatua kwa hatua. Mimi huyafunika kwa karatasi na kufunua mstari mmoja mmoja nikikwama. Ukijiona fundi, jipime na mitihani ya 18.01, kozi ya kwanza ya kalkulasi ya chuo cha MIT, pale kwenye tovuti yao ya MIT OpenCourseWare. Hawadai hata kujisajili. Mimi ilinitoa jasho.

Intigrali, yaani kujumlisha vipande vidogovidogo kama eneo chini ya mstari wa grafu, nayo usiikariri. Ngoja ukutane na springi: nguvu inaongezeka kadiri unavyoivuta, kwa hiyo ukitaka nishati huwezi kuzidisha tu nguvu kwa umbali. Chora grafu ya nguvu na umbali, tafuta eneo la pembetatu iliyo chini ya mstari, utaona ile nusu kwenye fomula ya nishati ya springi imetoka wapi.